Dada Staa, Unatutisha na Chaji ya Usiku Huku Chaja Mbovu Unatuuzia Mwenyewe

Leo siongelei nani kaachana na nani, mtanisamehe. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumatano na nisipokisema nitapasuka.

Kuna staa mmoja wa kike, jina silitaji, ila nikisema "mama wa linki kwenye bayo" nusu yenu mmeshamjua. Jumatano usiku alikaa kitandani kwake, taa nzuri, kope ndefu, akaweka video anatufundisha. Eti ukilala simu ikiwa kwenye chaji, umeme unaendelea kuingia usiku kucha, betri inajaa kupita kiasi mpaka inapasuka. Kwa hiyo tuwe tunaamka saa nane usiku kuchomoa. Watu wakamwaga makopakopa, "asante dada kwa elimu". Zikapita dakika kama ishirini hivi, stori inayofuata: tangazo la chaja. Chaji ya fasta, bei ya kutupa, tuma meseji namba hii.

Hiyo chaja naijua. Mdogo wangu aliinunua mwezi wa tatu kwa namba hiyo hiyo.

Nitarudi kwa mdogo wangu. Kwanza tuweke sawa hili la betri kujaa mpaka ipasuke, maana nimechoka kulisikia hata kwa watu wazima.

Una tenki la maji juu ya nyumba? Ndani yake kuna boya. Maji yakijaa boya linapanda, bomba linajifunga lenyewe. Hakuna mtu anayepanda juu saa nane usiku kufunga koki. Simu yako nayo ina boya lake, kisaketi kidogo kinachosimamia betri. Betri za lithiamu tunazotumia zinajazwa mpaka karibu volti 4.2, simu nyingine za sasa zinazidi hapo kidogo, basi, boya linafunga. Na hata kabla haijafika huko kasi inapungua, ndiyo maana kutoka 20 kwenda 60 inakimbia halafu kutoka 90 kwenda 100 inatambaa kama daladala inayosubiri abiria. Ikishajaa, simu inakula umeme kidogo wa kujiendesha, na ikishuka kidogo inajazia. Ni hivyo tu.

Huu uoga mwingi ni urithi. Miaka ya 90 kulikuwa na simu za betri za nikeli, na hizo zilikuwa na masharti yake, mara umalize chaji kabisa ndiyo uchaji, mara ikiwa mpya uilaze kwenye chaji siku nzima. Betri zimebadilika, masharti yamebaki vichwani. Kuna fundi mmoja mtaani kwetu bado anamwambia kila mteja "ichaji saa nane kabla hujaiwasha". Mzee wa watu, simlaumu, hana wafuasi laki kadhaa.

Najua kuna mtu hapo chini ataandika "mbona Samsung Note 7 zililipuka?" Zililipuka kweli, 2016, zikarudishwa na zikaacha kutengenezwa mwaka huo huo. Ila kampuni yenyewe ilipotoa majibu Januari 2017 ilisema kosa lilikuwa ndani ya betri, jinsi zilivyosanifiwa na kuundwa. Hazikulipuka kwa sababu mtu alisinzia.

Sasa nisiwe mnafiki, kuna kipande dada yupo nusu sahihi, ingawa sidhani kama anajua. Betri ya lithiamu inazeeka, na inazeeka haraka ikikaa imejaa tele huku ina joto. Siyo kulipuka, ni kuchoka: baada ya mwaka au miwili unaona inakaa nusu ya muda iliokuwa inakaa. Neno kubwa hapo ni joto. Apple wanasema simu zao zitumike penye nyuzi 0 mpaka 35. Chumba chenye bati bila dari Dar mwezi wa pili, simu ina kava nene, umeilaza chini ya mto, juu yake kichwa chako. Hapo unaikaanga. Bodaboda anayefunga simu kwenye usukani juani huku anaichaji anaiumiza betri mchana kweupe kuliko wewe unayelala.

Tena dawa ya hilo ipo ndani ya simu bure. iPhone tangu toleo la iOS 13 la 2019 zinajifunza saa zako za kulala, zinasimama 80, halafu zinamalizia karibu na muda wako wa kuamka. Android nyingi nazo zina sehemu ya kuziambia ziishie 80 au 85. Fungua mipangilio, ingia kwenye betri, soma. Ni dakika mbili, na ungelala zako mpaka asubuhi.

Lakini hiyo haina biashara, sindiyo?

Haya, mdogo wangu. Yupo chuo, kapanga chumba kimoja, soketi moja. Hiyo soketi inabeba ekstensheni, ekstensheni inabeba feni, pasi na simu. Akachomeka chaja ya dada, akalala, chandarua kimeshuka mpaka chini. Umeme ukakatika, akasikia feni imezima. Ukarudi usiku wa manane. Anasema alichoamshwa nacho ni harufu, kama nywele zinaungua. Kichwa cha chaja kilikuwa kimeyeyuka kwenye ekstensheni, cheche zimeshashika ukingo wa chandarua. Alichanachana chandarua kwa mikono, akamwagia mchanga wa ndoo ya jirani. Godoro lina tundu la ukubwa wa sahani. Vidole viwili bado havijakunjuka vizuri na mtihani ni mwezi ujao.

Na simu? Nzima. Betri nzima. Anaitumia mpaka leo, jana kanipigia nayo.

Ndiyo maana video ya Jumatano imenichoma. Boya la simu linalinda betri tu, halina habari na ukutani. Ukutani kuna volti 230. Simu inataka 5, 9, kwenye chaji za haraka zaidi kidogo. Anayesimama katikati ya hizo mbili ni chaja peke yake, na chaja feki pale katikati wamebana matumizi: waya mwembamba, kinga hafifu, pande mbili zinakaribia kugusana. Usidhani ni tatizo la Kariakoo tu. Uingereza 2016 walipima chaja 400 za bandia zilizonunuliwa mtandaoni kutoka nchi mbalimbali, zenye nembo ya kuigiza Apple. Zilizokuwa na kinga ya kutosha dhidi ya shoti zilikuwa tatu. Tatu kati ya 400.

Kwa hiyo dada, unapomwambia muuguzi wa zamu au konda anayeingia ndani saa tano usiku kwamba kosa ni lake kwa kulala, unamtwisha mzigo wa bidhaa yako. Yeye saa ya kuchaji ndiyo hiyo hiyo ya kulala, hana nyingine. Wewe una simu tatu na jenereta. Chaja ikiungua atajilaumu, "si nilisahau kuamka," na wewe utaendelea kula kamisheni.

Ukiwa nayo hiyo chaja, ishike ikiwa inachaji. Inaunguza kiganja? Inanuka plastiki? Inalia kama mbu? Pini zinachezacheza? Ivunje kabisa, usimpe mtu mwingine. Na simu iweke mezani au sakafuni kwenye vigae, mbali na chandarua.

Mdogo wangu alituma picha za chaja kwenye ile namba ya oda siku ile ile. Wameisoma, tiki mbili za buluu, kimya. Alhamisi na mimi nikaziweka kwenye komenti za video ya dada, kwa heshima kabisa, nikaanza na shikamoo. Zilikaa kama dakika kumi, zikafutwa, nikablokiwa. Tangazo bado lipo, limebandikwa juu kabisa.