Mafunjo ya Mtoni Yana Kazi Kubwa

Wakulima wa Migori na Homa Bay, wakati wa kiangazi watu wengi huchukua panga na moto wakaenda kufyeka mafunjo kando ya mito. Mmoja ataka kupanda sukuma wiki, mwingine mpunga, na mwingine ataka njia ya kunyweshea ng'ombe. Hatusemi kwamba hawana haja. Mashamba yamekuwa madogo na udongo wa kinamasi una rutuba. Lakini mtu anayeuza kinamasi kwa misimu miwili ya mboga amefanya biashara ya hasara, na hasara hiyo watainywa watoto wake.

Fikirini maji yatokako. Mto Kuja hutoka milima ya Kisii, hupokea maji ya Mto Migori, kisha huingia ziwani huko Nyatike. Upande wa Homa Bay, Awach Kibuon na Awach Tende humwagika katika Ghuba ya Winam. Njiani mito hiyo huchukua samadi, mbolea iliyosombwa na mvua, uchafu wa vyoo na wa masoko. Mwaka 1997 kipindupindu kiliwashika watu wengi wa kando ya ziwa, na mwaka 2015 Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoshikwa mapema.

Sasa, mafunjo hufanya nini? Watu wa hapa wayaita togo, nao huyajua kwa mikeka tu. Maji yakiingia katikati yake hupunguza mwendo, na tope hutua chini. Juu ya mizizi huishi bakteria wengi wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni uchafu ule ule unaotudhuru. Mmea nao hunyonya nitrojeni na fosforasi ili ukue. Vyakula hivyo visiponyonywa na mafunjo hufika ziwani, vikalisha gugu maji. Wavuvi wa Homa Bay hawana haja ya kuelezwa gugu maji ni nini. Mwaka 1997 serikali ilianza kuachilia mbawakawa walao gugu hilo, nao walisaidia sana, lakini mbawakawa hawezi kuzuia uchafu usishuke mtoni.

Jirani zetu wa Kampala wameona thamani ya jambo hili. Maji machafu ya mji wao hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kufika ziwani, karibu na mahali mji unapovuta maji ya kunywa, yaani Ggaba. Mwaka 1999 wataalamu walikadiria kwamba kazi ya kinamasi hicho ilikuwa na thamani ya dola milioni moja na zaidi kila mwaka. Hata hivyo watu waliendelea kukilima na kupanda magimbi, na nguvu yake ikapungua.

Wengine watasema kinamasi huzaa mbu. Huko Kabale, Uganda, utafiti uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kando ya vinamasi vilivyolimwa kulikuwa na joto zaidi, na mbu wa malaria hawakupungua, bali walielekea kuzidi. Mbu huyo hupenda vidimbwi vilivyo wazi kwa jua, na jembe ndilo linalovifanya.

Kwa miji yetu inayokua, maoni yetu ni kwamba kaunti zisikimbilie mitambo ya umeme ya kusafisha maji machafu pale penye ardhi ya kutosha kwa mabwawa. Nairobi yenyewe hutumia mabwawa ya Dandora. Bwawa la kwanza ni la kina, na bakteria wasiohitaji hewa humeng'enya uchafu. La pili huwa na mimea midogo ya kijani inayotoa hewa. La mwisho ni la kina kifupi, na jua huua vijidudu vya magonjwa. Baada ya hapo maji yapitishwe katika mafunjo yaliyopandwa. Mtambo husimama umeme ukikatika. Bakteria hawajui kukatika kwa umeme.

Nyumbani pia unaweza kuwatumia. Chujio la mchanga safi, ukitiwa maji kila siku, hufanya utando mwembamba juu yake baada ya wiki mbili au tatu. Utando huo ni hai, nao hula vijidudu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani, uliokunywa maji ya mto bila kuyachuja. Altona, mji jirani uliochota chini zaidi katika mto huo huo, uliyachuja kwa mchanga, na waliokufa walikuwa wachache. Usiache mchanga ukauke, na usitie dawa ya klorini juu yake, maana utawaua wafanyakazi wako. Maji yakishachujwa, ndipo uyachemshe au utie dawa.

Jambo moja tulitenge. Zebaki inayotumiwa na wachimba dhahabu huko Macalder haiondolewi kwa njia hizi. Bakteria wa kwenye tope huweza kuigeuza kuwa sumu mbaya zaidi inayoingia katika samaki. Hiyo lazima izuiliwe pale pale inapotumiwa, isifike mtoni kabisa.

Basi aliye na mafunjo ayakate kwa zamu, kipande kwa kipande, wala asichome. Akiyakata na kuyatoa, huwa ameutoa pia uchafu yaliounyonya, na mikeka anayo. Aliyekwisha kufyeka achukue vipande vya mashina ya chini yenye mizizi kutoka kwa jirani, avipande ukingoni mvua za Machi zinapoanza, na afunge ng'ombe mbali mpaka vishike.