Mbwa anapimiwa mkanda kwanza

Kuna mchezo huko Ulaya na Marekani ambao mtu wa Goma akiuona lazima acheke. Mtu anasimama juu ya chukudu, ila yao ni ya chuma, na mbwa mmoja au wawili wanamvuta mbio kwenye njia ya msituni. Unafanana na ule wa mbwa wanaovuta kwenye theluji, na theluji ikikosekana mbwa wale wanafanyishwa mazoezi hivyo, juu ya udongo. Wengi wetu tuliona video, tukacheka, tukapita. Ila vifaa vyao vinatuhusu sisi tunaovuta mizigo humu kambini.

Hawaanzi na chombo. Wanaanza na mkanda wa mbwa. Unapimwa kwenye mwili wake, una sponji ndani, uzito ukae kifuani na koo libaki huru kupumua. Kumvutisha mbwa kwa mkanda wa shingoni kwao ni kosa kubwa. Halafu kuna kamba, kama mita mbili hivi, yenye kipande cha mpira unaovutika. Mbwa akichomoka ghafla, mpira unakula ule mshtuko na mgongo wake haupigwi. Chombo chenyewe kinafuata: magurudumu ya upepo, breki nzuri. Anayeendesha anavaa kofia ngumu, glavu na miwani, maana mbwa wanarusha matope na vijiwe.

Na siku ya joto hawakimbizi mbwa kabisa. Mbwa mdogo naye havutishwi, wengi wanangoja afike mwaka mmoja, hata mwaka na nusu, mifupa ikomae.

Sasa tujiangalie. Mtoto wa miaka kumi anavuta kigari cha mbao chenye bidoni mbili za lita 20, kamba ya nailoni inamkata begani, saa saba mchana. Kijana wa chukudu anateremka na magunia, breki yake ni kipande cha tairi anachokanyaga juu ya gurudumu la nyuma, na mvua ikinyesha kinateleza tu.

Kuna atakayeuliza, mnatufananisha na mbwa? Hapana ndugu, tunafananisha mkanda na kamba.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta vifaa vya kazi mnaleta chombo peke yake. Tuliwahi kugawiwa matoroli mazuri, picha zikapigwa, tukasaini. Glavu hazikuwepo, mkanda haukuwepo. Wiki mbili tu viganja vilikuwa vimechubuka. Sisi tungechukua matoroli tisa badala ya kumi, na pesa ya lile moja inunue vifaa vya mwili. Wala si vya kuagiza mbali. Mkanda wa kiti cha gari bovu ni mpana na haukatiki ovyo, godoro la zamani linatoa sponji, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli unavutika vizuri. Mafundi cherehani tunao hapa hapa, na wanatafuta kazi.

Kuhusu watoto hatuombi mkanda. Bomba linafunguliwa mchana wakati wakubwa wako shambani, ndiyo maana wanatumwa wao. Lifunguliwe alfajiri na jioni, wakubwa wachote wenyewe.