Dexa, prednisolone na bakteria: juu ya nini dawa hizi ziko bei ya chini hivi?

Katika miji yetu ya mashariki, si vigumu mtu aingie farmasi ya mtaani, atoe franka kidogo na apewe vidonge vya dexa bila karatasi ya muganga. Wengine wanavitafuta juu ya pumu ao maumivu ya viungo. Wengine wanataka tu kunenepa. Ile dawa imekuwa ya kila siku, hata tunasahau kuuliza inatoka wapi.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1949, kule kliniki ya Mayo, Marekani, muganga Philip Hench na mwenzake mkemia Edward Kendall walionyesha kwamba kortizoni inainua wagonjwa walioshindwa kutembea kwa sababu ya baridi yabisi. Shida ilikuwa kuitengeneza. Kampuni ya Merck ilianzia kwenye nyongo ya ngombe, ikapita hatua zaidi ya 30, na gramu moja ikauzwa karibu dola 200. Masikini angeipata wapi?

Mwaka 1952, Durey Peterson na Herbert Murray wa kampuni ya Upjohn walitumia ukungu wa jamaa ya ule unaoota kwenye mkate. Ukungu huo uliweka oksijeni mahali pagumu kabisa pa ile molekuli, kwa hatua moja tu. Bei ikaanguka. Kisha zikaingia bakteria: mwaka 1955, Arthur Nobile wa Schering alitumia bakteria iliyoitwa Corynebacterium simplex. Inaondoa hidrojeni mbili tu, na hapo kortizoli inageuka kuwa prednisolone, yenye nguvu mara nne hivi. Viwanda vya dexa pia vinatumia hatua ya namna hiyo.

Lakini kazi ninayoistaajabia zaidi ni ya Mycobacterium, jamaa za mikrobi ya kifua kikuu, ila hizi za kiwandani haziambukizi ule ugonjwa. Zinalishwa steroli, mabaki ya kusafisha mafuta ya soya. Kwao ni chakula: zinaanza kukata mkia wa molekuli, na zingeachwa zingeimaliza yote. Basi wataalamu wamechagua zile zilizopoteza kimeng'enya cha kuendelea. Zinakula mkia, zinashindwa na mwili, na kile kinachobaki ndicho kiwanda kinakamata kutengeneza dawa.

Bei hiyo ya chini imeokoa watu. Mwezi wa sita 2020, uchunguzi wa RECOVERY kule Uingereza ulionyesha kwamba dexa inapunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa wa Covid waliopumua kwa mashine. Dawa ya zamani, ya bei ndogo, wakati dunia inatafuta mpya.

Na ni bei hiyohiyo inayoifikisha mikononi mwa yule anayetaka mashavu. Kwa maoni yetu, kulaumu wauzaji peke yao hakutoshi. Dada anayechekwa kwa wembamba naye ana sababu zake. Lakini ule unene mara nyingi ni maji na mafuta ya usoni na tumboni. Sukari na presha vinapanda, mifupa inalegea, kinga inashuka, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Anayeimeza majuma mengi, tezi zake zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza kortizoli ya mwili wenyewe. Akiacha kwa ghafula anaweza kuanguka, hata kufa. Muganga ndiye anapunguza kipimo polepole, kwa hiyo aambiwe ukweli kuhusu vidonge vyote vilivyomezwa, hata vile vya kunenepa.