Mahakama iko Arusha, lakini mlango wafungwa baada ya miezi miwili



Ukitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa kwetu, mtu anafikiria Holili: foleni, karatasi na mizigo. Wazee wanakumbuka zaidi. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Familia zilizo na jamaa pande zote mbili zilijua vile ugomvi wa wakubwa unavyofika hadi jikoni.

Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa saini 1999, ina kitu ambacho sisi hatukitumii. Ina mahakama. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iko Arusha, na kutoka Bomeni, Arusha ni karibu kuliko Mombasa.

Soma kifungu cha 30 cha mkataba. Mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali akisema kitendo chake kimevunja mkataba. Na mkataba huo, kifungu cha 6, unazitaka nchi ziheshimu utawala wa sheria na haki za binadamu. Wala hulazimiki kumaliza kwanza mahakama za Kenya. Kuna ile nyingine ya Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, lakini huko Mkenya hawezi kwenda mwenyewe moja kwa moja kwa sababu serikali yetu haijatoa tamko la kuruhusu. Kwa hivyo mlango wetu ni huu mmoja.

Je, unafunguka kweli? Umewahi kufunguka. Uganda, 2005, washtakiwa walipewa dhamana na Mahakama Kuu, askari wenye silaha wakaizingira mahakama na kuwarudisha jela. Kesi ikapelekwa Arusha. Uganda ikasema mahakama hiyo haina mamlaka juu ya haki za binadamu. Majaji, Novemba 2007, wakasema hawataacha kazi yao ya kutafsiri mkataba eti kwa sababu tu ndani yake kuna madai ya haki za binadamu, na wakaamua kwamba utawala wa sheria ulivunjwa.

Sasa sikiliza upande mchungu. Kifungu hicho hicho cha 30 kinatoa miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu mlalamikaji ajue. Wakenya waliokamatwa nchini mwaka 2010 na kupelekwa Uganda kwa kesi ya milipuko ya Kampala walifungua shauri Arusha 2011, wakidai walihamishwa bila kufuata sheria. Kitengo cha kwanza kilikubali kuwasikiliza. Kitengo cha rufaa, 2013, kikawatoa: mmechelewa. Huko Kampala baadaye wengine walipatikana na hatia na wengine wakaachiliwa, lakini swali la Arusha lilikuwa vile walivyovushwa mpaka, na swali hilo halikujibiwa. Kesi ya mateso ya Mlima Elgon ya 2008 nayo ilikwama 2012 kwa sababu hiyo hiyo.

Hebu fikiria. Mtu amechukuliwa usiku. Mwezi wa kwanza familia inazunguka vituoni, kila kituo kinasema hatuna yeye. Mwezi wa pili inatafuta wakili. Wiki ya tisa ikiisha, Arusha imeshafunga. Sheria kama hii inamfaa yule aliyemficha mtu.

Mkataba unaweza kurekebishwa, wakuu wa nchi wakitaka. Kenya ina wabunge 9 katika Bunge la Afrika Mashariki, na wanachaguliwa na Bunge letu la Nairobi, sio na sisi. Lakini mbunge na seneta unaowapigia kura ndio wanaowachagua. Wakija Bomeni na helikopta kuomba kura, usiwaulize barabara peke yake. Waulize wataketi lini kuongea juu ya miezi miwili.

Na likitokea jambo leo, usingoje mtu akushauri upoe. Andika tarehe, saa, mahali na waliokuwepo. Ripoti kituoni na udai namba ya OB. Weka nakala ya kila barua. Kama umeenda korti ya Kenya, endelea, lakini jua siku za Arusha zinahesabika wakati huo huo. Mwambie wakili wako hivyo siku ya kwanza.