Kipande cha Jana, Kafala ya Leo

Usiku unapokwisha kutulia juu ya Tassia, Pipeline na Utawala, mvumo wa ndege zinazopaa kutoka uwanja wa Embakasi husikika hadi vyumbani, na aghlabu ndani ya ndege hizo mna wanawake wa mitaa hii hii ya Eastlands, Nairobi, ambao asubuhi yake walisukwa nywele Kayole au Dandora, wakaombewa na mama zao na majirani, kisha wakasindikizwa kwa matatu ya kukodi, kila mmoja na sanduku lake na bahasha ya khaki yenye pasipoti, cheti cha daktari na mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Wengi wao hawajapata kupanda ndege, wala kuvuka mpaka wa nchi yao hata kwa basi. Nao wanakwenda Riyadh, Jeddah, Dammam au Doha, kila mmoja peke yake, kuishi na kutumika ndani ya nyumba ya watu ambao hajawaona, katika nchi ambayo habari zake amezipata kwa wakala anayelipwa ili ampeleke.

Siandiki ili kuwakataza. Anayemkataza mwenzake safari sharti kwanza amwonyeshe riziki mahali alipo, nami sina riziki ya kuwaonyesha mabinti wanaofua nguo za watu Buruburu na Donholm kwa ujira wa siku, wasijue kama kesho wataitwa tena. Ninaloandikia ni jambo moja, kwamba mtu anaweza kwenda peke yake ugenini kutafuta kazi, walakini waliomsindikiza, na dola iliyompa pasipoti, hawana ruhusa ya kumwacha peke yake akisha kufika. Na sisi wa Eastlands tuna sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko wengi, maadamu mitaa yetu ilijengwa na wasafiri wa namna hiyo hiyo.

Pumwani ilipotengwa, mwanzoni mwa miaka ya 1920, iwe makazi ya Waafrika mjini, waliofika hapo walikuwa wageni wa kila upande: wanaume waliokuja kutafuta fedha za kodi, na wanawake waliotoka kwao bila mume wala ndugu, wengine kutoka mbali hata Tanganyika, wakafanya kazi, wakaweka akiba, na si wachache kati yao wakajenga huko Majengo, ndani ya Pumwani, nyumba za udongo zilizokuwa milki yao wenyewe. Ama wanaume, serikali ya kikoloni ilipowajengea Ziwani, Shauri Moyo na mitaa mingine ya zama zile, iliwapimia nafasi ya kitanda, bila nafasi ya mke na watoto, kwa kuwa machoni pake mfanyakazi alikuwa nguvu iliyoazimwa kutoka kijijini, nayo muda ukiisha ilitakiwa irudishwe ilikotoka.

Na mfanyakazi huyo alivaa kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kufanya kazi kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, kiasi cha mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoiacha, na cheti hicho kikatiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Wazee waliokivaa walikifananisha na kengele ya mbuzi, lakini uchungu mkubwa zaidi ulikuwa katika saini: mwajiri asipotia saini ya kumwachilia, mtumishi hakuweza kupata kazi kwa mwingine, na akiondoka bila saini hiyo alihesabiwa mtoro, akasakwa na polisi na kushtakiwa mithili ya mhalifu. Kipande kilikuwa miongoni mwa dhuluma alizozipinga mwanaharakati Harry Thuku, na alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe ulipigwa risasi, akafa hapo Mary Muthoni Nyanjiru pamoja na wengine. Kipande kile kilidumu robo karne baada ya damu hiyo, na kilipoondolewa mwaka 1947, kiliondoka kwa sababu waliokivaa hawakuacha kukikataa.

Sasa na tuitazame kafala. Neno lenyewe kwa asili yake ni jema, kwani kumkafili mtu ni kuichukua dhamana yake, na hata mlezi wa yatima hutajwa kwa neno hilo. Lakini katika utaratibu wa kazi wa nchi za Ghuba, kwa muda wa miongo mingi, dhamana hiyo ilimaanisha kwamba kibali cha mgeni cha kukaa nchini kimefungamana na mwajiri mmoja, ambaye ndiye kafili wake, na kwamba bila ridhaa ya kafili huyo mtumishi hawezi kuhamia kazi nyingine. Akitoka nyumbani bila idhini huandikiwa ripoti ya utoro, na tangu hapo anakuwa mkosaji mbele ya sheria, hata ikiwa amekimbia kipigo. Saudi Arabia ilipotangaza marekebisho yaliyoanza Machi 2021, ya kuwawezesha wafanyakazi kubadili mwajiri na kusafiri bila kumwomba ruhusa, watumishi wa nyumbani hawakutiwa ndani yake. Msomaji na aviweke viwili hivi mkabala, kipande na kafala, saini ya jana na idhini ya leo, kisha aniambie ni kipi ambacho babu zetu wasingekitambua.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, ambaye jina lake nalihifadhi, alirejea baada ya miaka miwili huko. Alilipwa mshahara wake, ingawa mara nyingine ulichelewa. Akawalipia wadogo zake karo na kumwondolea mama yake deni la duka. Nilipomuuliza ilikuwaje, aliniambia kwamba hakupigwa wala hakunyimwa chakula, na kwamba watoto aliowalea walilia siku alipoondoka. Lakini kwa miaka yote miwili hakupata kushika ufunguo wa mlango wa nyumba ile. Pasipoti yake ilikaa kabatini mwa mama mwenye nyumba, simu alipewa siku ya Ijumaa kwa saa moja, na takataka alizitoa hadi kizingitini, akazipokea mwingine. Huyo ndiye tunayemhesabu kuwa alibahatika, na kwa kweli alibahatika. Ikiwa bahati yenyewe ndiyo hiyo, seuze nuksi!

Nuksi imekwisha kuandikwa. Mwaka 2025 gazeti la New York Times lilieleza kwamba katika miaka mitano wafanyakazi wa Kenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walifariki Saudi Arabia, na katika mwaka huo huo shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyokusanya ushahidi wa wanawake zaidi ya 70 waliorejea, wakisimulia saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara iliyozuiliwa, matusi ya rangi na madhila mengine ambayo kalamu inaona haya kuyataja. Waliofariki hao ni watu waliopimwa afya zao kabla ya kuondoka, wakapewa vyeti vya kuwa wazima. Na jeneza linaporudi Embakasi na karatasi isemayo kwamba kifo kilikuwa cha kawaida, ni haki ya mzazi kuuliza ukawaida huo umetoka wapi.

Kwa upande wa pili wa mizani wamo wanaotaja fedha, nao wasipuuzwe. Kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya, fedha walizotuma nyumbani Wakenya waishio ng'ambo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazotoa sehemu kubwa ya fedha hizo. Ndizo zilizopaua nyumba, zikalipa hospitali na kuwatoa watoto wa Kariobangi na Huruma katika hatari ya kufukuzwa shule. Lakini kadiri nchi inavyokiri kwamba inakula jasho la watu hawa, ndivyo inavyokiri kwamba wanaidai. Mafundisho ya Mtume yanataka mtumishi alipwe ujira wake kabla jasho halijamkauka, na kafili Mwislamu anayeuzuia analikiuka agizo hilo katika nchi lilikotoka. Nasi tunaopokea sehemu ya ujira huo tuna sehemu yetu ya dhamana.

Wako wasemao kwamba hao walikwenda kwa hiari yao. Hiari ya mtu aliyesomewa mkataba kwa lugha asiyoielewa, na wakala mwenye haraka ya kumpandisha ndege, ni hiari iliyopungua. Wengine husema safari hizi zipigwe marufuku kabisa, na jambo hilo limekwisha kujaribiwa: mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala na kuzuia watumishi wasipelekwe Mashariki ya Kati, na matokeo yake wanawake wakaendelea kwenda kwa njia za kichochoro, wakipitia nchi jirani, ambako hata jina la msafiri halikuandikwa popote. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2017. Funzo lililobaki ni kwamba mwenye haja haachi safari kwa tangazo, ila huifanya kwa siri, na katika siri hana wa kumwokoa.

Tuwatazame Wafilipino, ambao walitutangulia katika taabu hii. Mwezi Machi 1995 mtumishi wao Flor Contemplacion aliponyongwa Singapore, watu walijaa barabarani kwa ghadhabu, na kabla mwaka huo haujaisha nchi yao ilikuwa imepitisha sheria ya kuwahami wafanyakazi walioko ng'ambo. Mwaka 2006 waliamua kwamba mtumishi wao wa nyumbani asilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi. Mwaka 2018, maiti ya mtumishi mmoja ilipopatikana ndani ya friza huko Kuwait, walisimamisha safari za kwenda huko hadi ulipotiwa saini mkataba wenye sharti kwamba mtumishi akae na simu yake na kwamba mwajiri asiishike pasipoti. Madhila hayakwisha kwa hayo, lakini mwajiri anayemchukua mtumishi wa Manila anajua kwamba nyuma ya mtu huyu mmoja imesimama nchi nzima. Anayemchukua binti wa Mathare je, anajua nini?

Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira tunayo kwa sheria ya mwaka 2016, na mafunzo kabla ya safari yapo. Kwa hiyo nisemayo si kuanza upya, ni kuyatimiza yaliyoanzwa. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili pia, usomwe mbele ya mzazi au ndugu, na nakala ibaki nyumbani. Sharti la pasipoti na simu litiwe katika maafikiano baina ya nchi na nchi, na wakala ambaye mtu wake hapatikani kwa simu mwezi mzima aulizwe na aliyempa leseni. Ubalozi uwe na nyumba ya hifadhi, na maofisa wa kazi wa kutosha kupokea simu ya usiku. Na wanawake waliorejea, wanaojua ni neno gani la Kiarabu humtuliza mwenye nyumba na ni dalili gani huonyesha kwamba nyumba haina amani, waajiriwe kuwafunza wanaokwenda, kwani aisifuye mvua imemnyea.

Lililobaki ni letu wenyewe. Katika mitaa yetu hakuna chama cha akina mama kisicho na daftari, na katika daftari hilo kila shilingi iliyokopwa imeandikwa: jina, tarehe, na siku ya kurudishwa. Lakini ukiuliza ni mabinti wangapi wa mtaa wako wako Ghuba leo, katika mji gani, kwa kafili gani, kwa mkono wa wakala yupi, na mkataba wao unakwisha lini, hutapata daftari. Na lifunguliwe basi, katika kila mtaa, lishikwe na watu waaminifu wa chama, wa msikiti na wa kanisa, na kila mwisho wa mwezi pawe na mtu wa kupiga simu, jina kwa jina, na wa kwenda kwa chifu na kwa Mamlaka siku ambayo jina moja halikuitika. Mkoloni aliyaandika majina ya babu zetu ili wasimtoroke. Sisi tuyaandike majina ya binti zetu ili, mkataba unapokwisha, tujue tarehe ya kwenda Embakasi kuwapokea.