Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Masomo: krediti alizozipata mwanafunzi ni zake

Kwa Bwana Katibu Mkuu wa Masomo, katika chuo kimoja cha Baraka ambacho sitakitaja.
Nakala kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa.

Bwana Katibu Mkuu,

Jina la chuo naliacha, maana wewe na juri yako mtajitambua, na nina hofu kwamba wenzako kadhaa kuanzia Uvira hadi Fizi-Centre watajitambua vilevile. Jambo lenyewe unalijua: karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani, asilimia moja mbele ya kila jina, na neno la kurudia mwaka mbele ya majina ya vijana ambao sehemu kubwa ya masomo yao wameyafaulu. Naandika nikiwa mzazi aliyeulipia mwaka huo na ambaye sasa anadaiwa aulipie tena. Ya kwangu yaishie hapo. Yanayobaki ni ya watu wote, na yanataka hesabu zaidi kuliko machozi.

Sheria-mama ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, ndiyo iliyotuletea mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ilivitaka vyuo vya nchi nzima viuingie. Graduati ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili zikaanza kuondoka, na lisansi mpya ikawa miaka mitatu yenye krediti 180: 60 kwa mwaka, 30 kwa semesta, kila krediti ikihesabiwa kuwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Haya umeyaeleza wewe mwenyewe kwa wanafunzi wapya, na umeyaeleza vizuri. Ila moyo wa mfumo huu hauko kwenye namba hizo. Uko kwenye kanuni moja: krediti iliyokwisha kupatikana haipotei. Somo ulilofaulu ni lako, utapanda nalo, utahama nalo, na kama ulishindwa mengine utabaki na deni la hayo tu. Mwenye krediti 45 kati ya 60 anapanda, deni lake mgongoni. Sasa chuo chako kimebadilisha nini? Ratiba imeandikwa semesta, karatasi zina herufi tatu mpya juu, minervali, yaani ada ya mwaka, nayo haikusahauliwa. Lakini juri ikikaa, inajumlisha alama zote kama zamani, inagawa kama zamani, inapata asilimia kama zamani, na asiyeifikia anarudia mwaka mzima.

Tumchukue mwanafunzi mwenye krediti 48 kati ya 60. Kwa kanuni ya LMD huyu amepanda. Anadaiwa krediti 12, na 12 ni sehemu moja ya tano ya mwaka. Kwa hesabu ya juri yako, alama mbovu za yale masomo machache zimevuta wastani wake chini, kwa hiyo anarudia yote 60. Atakaa tena mbele ya somo alilolifaulu, atanunua tena silabasi ileile, atafanya tena mtihani ambao chuo kilishakiri kwa maandishi kwamba ameufaulu. Na akishindwa safari hii, Bwana Katibu Mkuu, mtasema hakuwahi kulijua somo hilo? Mvuvi wa hapa Baraka aliyerudi na wavu mtupu usiku mmoja haambiwi arudishe ziwani ndagala aliokwisha kuanika. Mwanafunzi wako ndiye anayeambiwa. Anarudia mwaka, na minervali inalipwa kwa mwaka, si kwa krediti. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kusema kwamba chuo kina faida na wanaorudia, kwamba deni la sehemu moja ya tano linatozwa kwa bei ya nzima. Mimi sina nia mbaya. Naomba tu nionyeshwe hesabu nyingine.

Mtajibu kwamba mwanafunzi akiruhusiwa kupanda na madeni atazoea uvivu, na kiwango kitashuka. Hoja hiyo siidharau, maana ndiyo inayotolewa kwa uaminifu zaidi, hasa na maprofesa waliosoma zamani, wakati distinksyo ilikuwa jambo la kusimulia kijiji kizima. Lakini deni si msamaha. Anayedaiwa somo la takwimu atalifanya mtihani tena na tena hadi alifaulu, na bila hilo diploma haipati. Mfumo wa asilimia ndio unaosamehe: aliyepata 6 kwenye 20 katika somo la msingi anaweza kuzifunika kwa alama nzuri za masomo mepesi, akavuka nusu, akatoka hapo na diploma huku somo la msingi hajalijua. Na kama kuna somo ambalo lazima litangulie lingine, liandikwe hivyo kwenye programu, mdaiwa azuiwe kulisoma hilo moja linalofuata. Hakuna sababu ya kumzuia mwaka mzima.

Hoja ya pili ni kwamba hatuna maprofesa wa kutosha. Wengi ni wageni wanaotoka Bukavu, Uvira au Kalemie, na hakuna wa kumfundisha mdaiwa peke yake. Kweli kabisa, na barabara ya taifa namba 5 wakati wa mvua tunaijua sote. Lakini tumtazame mgeni huyo anapofika. Somo la krediti 4 ni saa 100 za kazi. Linafundishwa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kwa kuwa Jumapili profesa anaondoka, na wakati mwingine mtihani unafanyika Jumamosi hiyohiyo. Gawanya 100 kwa siku sita: ni zaidi ya saa 16 kila siku. Mwanafunzi huyo alale saa ngapi, na ale lini? Kazi ya binafsi, ambayo krediti imeihesabu waziwazi, aifanye akiwa usingizini? Hapo ndipo masomo mengi yanapoanguka, na chanzo chake ni ratiba ya chuo. Kisha gharama ya ratiba hiyo anabebeshwa mwanafunzi: anarudia mwaka. Uhaba wa maprofesa ungepaswa kuwafanya mzikumbatie krediti, kwa sababu mdaiwa wa somo moja angemngoja mgeni huyo kwa wiki moja ya mwaka ujao, na wiki nyingine angeendelea na masomo ya mbele.

Vita navyo mmevitaja, na nani asivitaje? Bukavu iliingiwa na waasi Februari 2025, Uvira Desemba ya mwaka huohuo. Vijana wamekimbilia Kalemie, Bujumbura, Kigoma. Ndiyo maana releve (karatasi ya alama) yenye asilimia tupu ina madhara makubwa zaidi leo kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Kijana anayehama anahitaji karatasi inayosema: somo hili, krediti hizi, alama hii, limefaulu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya ambayo viongozi wake walishatangaza mwaka 2017 kwamba nchi zao ni eneo moja la elimu ya juu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tanzania huhesabu krediti moja kwa saa 10, na mwaka kwa krediti 120. Ni saa 1,200. Mwaka wetu, krediti 60 mara saa 25, ni saa 1,500. Kwa maandishi, basi, kijana wa Fizi amefanya kazi zaidi ya mwenzake wa Kigoma. Lakini anafika na "asilimia 47, arudie", na ofisa wa upande wa pili hana pa kuanzia hata akitaka kumsaidia. Huko nako anaanza upya. Mwaka unarudiwa tena, safari hii ugenini.

Kusema kwamba LMD inataka intaneti, maktaba na umeme ni sawa kwa mengine, ila si kwa hili. Kujumlisha krediti kunataka daftari na kalamu, vitu vilevile ambavyo juri yako hutumia kupata asilimia.

Mheshimiwa Waziri aliyepata nakala hii naye asijione mtazamaji. Wizara inayotuma maelekezo kutoka Kinshasa bila kuja kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani, inayowaacha maasistanti miaka na miaka nje ya orodha ya mishahara, isishangae vyuo vya mbali vikibadilisha jina la mfumo na kuuacha wa zamani uendelee chini yake.

Kwako, Bwana Katibu Mkuu, naomba mambo ambayo hayangoji bajeti. Juri ikae upya kuhusu kila aliyefikisha krediti 45 na kuambiwa arudie, na apandishwe na deni lake. Mdaiwa alipe minervali kulingana na krediti anazodaiwa. Releve ya kila mwanafunzi ionyeshe krediti somo kwa somo, isainiwe, ipigwe muhuri, na itolewe kwa anayeiomba, hata kwa yule ambaye bado anadaiwa ada. Ada idaiwe kwa njia zake. Na mtihani usifanyike katika wiki ileile somo lilipofundishwa. Kama jibu ni hapana, naomba liandikwe, na ndani yake kitajwe kifungu kinachokiruhusu chuo kufuta krediti ambazo kiliwapa wanafunzi wake chenyewe.