Mashindano ya sataranji: Mtoto asirudishwe mlangoni



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni kuwaandikisha watoto wa shule katika mashindano ya sataranji yanayohesabiwa viwango vya kimataifa. Sataranji ndiyo hiyo ambayo vijana wa mjini huiita chesi. Nasema wengi wataliona dogo kwa sababu hata mwalimu mwenzangu, nilipomwambia kwamba naandika barua hii, aliniuliza kama madawati yamekwisha tosha hata nianze kuhangaikia kete. Madawati hayajatosha. Lakini huyo mtoto ninayemsemea hawezi kungoja mpaka yatoshe, maana yeye anakua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Chuoni nilikosomea ualimu hatukufundishwa mchezo huu. Nilifunzwa na mwanachuo mwenzangu tuliyelala naye bweni moja. Nilipopangiwa kituo cha kazi nilikuja na ubao mmoja na kete ambazo hazikutimia. Askari mmoja mpaka leo ni kizibo cha soda. Watoto waliuingia mchezo kwa urahisi, kwa kuwa wamezaliwa wakiona drafti ikichezwa kwenye vibaraza vya maduka. Miongoni mwao akatokea msichana mmoja, wakati huo yumo darasa la tano, ambaye katika muda wa mihula miwili alinishinda mimi mwalimu wake, tena si mara moja.

Mwaka uliofuata nikasikia kwamba kuna mashindano makubwa mjini, yale ambayo matokeo yake hupelekwa Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, na mchezaji akapata namba yake ya kiwango. Nilimwendea baba yake. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mtoto ni wako," kisha akauza madebe sita ya mahindi ili ipatikane nauli. Tulisafiri siku nzima. Tulipofika ukumbini tukaambiwa orodha imekwisha fungwa, na kwamba mtoto hana namba ya usajili, kwa hiyo hawezi kupangwa na mtu yeyote. Waandaaji wale sitawataja, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu, tena kosa kubwa lilikuwa langu. Sikujua kwamba namba hiyo huombwa kwa njia ya chama cha taifa cha mchezo, nacho hutaka jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Nilidhani mashindano ya sataranji ni kama ya mbio za magunia: unafika, unaandikwa, unakimbia.

Mtoto hakulia. Alisimama nyuma ya kamba siku mbili nzima, akinakili michezo ya meza ya kwanza katika daftari lake la Hisabati. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Nilikuwa nafikiria madebe sita.

Ndiyo maana nasema waandaaji wa mashindano haya wana wajibu wa kutangaza masharti yao mapema na kwa Kiswahili kinachoeleweka. Tangazo nililoliona mimi lilikuwa na picha ya farasi, tarehe, ukumbi na kiasi cha kiingilio, basi. Halikusema mwisho wa kujiandikisha ni lini, wala kwamba asiye na namba aiombe wiki kadhaa kabla, wala kama upo ukumbi wa pembeni kwa wale wasiohesabiwa. Mtu wa mjini hana shida, maana akikosea atarudi nyumbani kwa daladala na kesho ataleta cheti. Wa kwetu akikosea amekosea mwaka mzima. Na hicho cheti cha kuzaliwa chenyewe, watoto wengi wa vijijini hawana. Wana kadi ya kliniki, nayo pengine imeliwa na panya. Mwalimu anayefikiria kumpeleka mtoto aanze na cheti kabla ya kununua saa ya sataranji.

Sasa niwageukie walimu wenzangu, kwa sababu safari ya pili tulipokelewa vizuri, mtoto akacheza, na huko ndiko nilikoona jinsi nilivyomwandaa vibaya.

Sheria ya kwanza iliyomwumiza ni ya kugusa. Katika sataranji ya mashindano, ukigusa kete yako kwa makusudi huna budi kuisogeza, na ukigusa ya mwenzako huna budi kuila, mradi hatua hiyo inaruhusiwa. Kwetu shuleni mtoto hugusa farasi, akamwinua, akamzungusha hewani, akamrudisha na kusema "najaribu." Nimelivumilia hilo miaka yote. Katika mchezo wa pili alimgusa farasi aliyekuwa amemkinga malkia, na mpinzani wake, mtu mzima, akamwita mwamuzi. Mwamuzi alitoa haki kama ilivyo. Malkia akaliwa, mchezo ukaisha. Tangu tuliporudi, katika shule yetu hakuna tena "najaribu", na mwanzoni watoto walininunia.

La pili ni kuandika hatua. Katika michezo mirefu kila mchezaji huandika hatua zake na za mwenzake, tena hutakiwa kuandika baada ya kucheza, si kabla. Mtoto ambaye hajazoea huandika huku dakika zake zinakwisha. Na mchezo wenyewe ni mrefu kweli. Ili uhesabiwe katika viwango vya michezo mirefu, kila mchezaji lazima apewe muda usiopungua dakika 60 kama wote wawili wako chini ya 1800, na usiopungua dakika 90 kama mmoja wao amefika 1800 au zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kumaliza mchezo kabla kengele ya mapumziko haijalia anaweza kukaa kitini saa tatu. Asipokula asubuhi, saa ya tatu ile hata askari hamwoni.

Simu sitaisemea sana. Mchezaji haruhusiwi kuwa nayo ukumbini bila kibali, na adhabu ya kawaida ni kupoteza mchezo. Aiache kwa mwalimu, na mwalimu mwenyewe akae nje.

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni la adabu. Mtoto wetu anafundishwa nyumbani na shuleni asimbishie mkubwa, na mimi ni mmoja wa wanaomfundisha hivyo. Alipokaa mbele ya mpinzani mwenye mvi alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, vizuri kabisa. Katikati ya mchezo huyo mkubwa akawa anagongagonga meza kwa kalamu na kunong'ona. Kisha akasogeza kete yake na kusema, "Basi mwanangu, umekwisha." Mtoto akampa mkono na kuondoka. Jioni tulipopanga tena mchezo ule kutoka katika karatasi yake, tukaona mfalme wake alikuwa na chumba cha kukimbilia. Alikuwa hajafungwa! Nilimwuliza kwa nini hakutazama vizuri. Akanijibu kwamba aliona chumba kile, lakini mzee alikwisha sema.

Nimelifikiria jibu hilo usiku mwingi. Sheria za mchezo zinamkataza mtu kumsumbua mwenzake kwa namna yoyote, na zinampa kila mchezaji, mkubwa kwa mdogo, haki ya kusimamisha saa na kumwita mwamuzi. Mtoto alizijua, nilimsomesha mwenyewe. Ila hakujua kwamba zinamhusu yeye mbele ya mzee. Sasa tunafanya mazoezi ya jambo hilo tu. Mimi nakaa kama mpinzani, namsumbua, namwambia umekwisha, naye lazima asimamishe saa, ainue mkono na kusema, "Mwamuzi, naomba msaada." Mara ya kwanza alicheka kwa aibu, hakuweza. Watu wengine kijijini wamenishutumu kwamba nafundisha watoto jeuri. Nawajibu kwamba shikamoo bado ipo pale pale mwanzoni mwa mchezo, na mwishoni anampa mkono. Kati ya hapo pana sheria, na sheria haina umri.

Wapo wanaosema mtoto angoje mpaka awe mkali ndipo apelekwe, asije akapata namba ndogo ikamvunja moyo. Hao hawaijui hesabu yenyewe. Viwango hivi vilibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kuishi Marekani, na FIDE ilivikubali mwaka 1970. Tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa kinachoandikwa ni 1400. Aliye chini ya hapo hana namba, basi, wala hakuna orodha ya kumwaibisha. Na aliye chini ya umri wa miaka 18, maadamu hajafika 2300, hesabu yake huzidishwa kwa 40, wakati mtu mzima wa kawaida aliyekwisha cheza michezo 30 huzidishiwa 20. Chukua mtoto mwenye 1500 akutane na mtu mzima mwenye 1700. Hesabu inamtarajia mtoto apate 0.24 ya pointi. Akishinda amezidi matarajio kwa 0.76, mara 40, anapanda kama alama 30. Akishindwa anashuka chini ya 10. Mtu mzima akishindwa anashuka kama 15. Mwenye sababu ya kuogopa hapo ni nani? Nimewaona kwa macho yangu wakubwa wakikunja uso walipoona wamepangiwa mtoto mwenye sare za shule.

Tena, mashindano mengi ya aina hii hayamtoi mtu anaposhindwa. Huchezwa kwa mfumo wa Uswisi, ambao hukutanisha wenye pointi sawa au zinazokaribiana, wala watu wawili hawakutani mara mbili. Aliyepoteza asubuhi mchana hukutana na aliyepoteza mwenzake. Kwa mtoto anayejifunza sijaona mpango bora kuliko huo.

Wengine, kinyume chake, wamesikia habari za Phiona Mutesi wa Uganda, yule wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, aliyechezea nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010 kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na ambaye maisha yake yalifanyiwa filamu mwaka 2016. Wanadhani kipaji kinatosha, mtoto atupwe tu ukumbini. Wanamsahau Robert Katende, aliyewakusanya watoto wale akawapa uji na kuwafundisha kwa miaka. Filamu huisha kwa saa mbili.

Kwa msichana kuna jambo moja zaidi, nalo mama yake ndiye aliyeniuliza, wala hakuzunguka: "Atalala wapi, na nani?" Safari ya kwanza sikuwa na jibu zuri. Ya pili tulikwenda na mwalimu wa kike, wakalala nyumbani kwa dada yake, mimi nikalala kwingine. Nauli ikawa ya watu watatu badala ya wawili. Waandaaji wakiweza kutafuta bweni la shule lenye mlezi, hata kwa malipo, wataona watoto wa kike wakiongezeka ukumbini. Na mwalimu mkuu apewe barua ya mwaliko mapema ili aweze kutoa ruhusa, maana mashindano haya mara nyingi huanza Ijumaa.

Katika michezo sita msichana wetu alipata pointi mbili na nusu. Wapinzani wake watatu walikuwa na viwango. Alishindwa na wawili, na kwa mmoja alipata sare. Namba yake bado haijaandikwa, kwa sababu mchezaji mpya lazima awe amecheza michezo isiyopungua mitano na wenye viwango. Mitatu hiyo haipotei, maana sheria inaruhusu kuunganisha michezo iliyochezwa katika muda usiozidi miezi 26. Bado miwili.

Sasa yumo darasa la saba. Miezi mingi ya hiyo 26 itamkuta sekondari, mbali na mimi, katika shule ambayo pengine hakuna hata ubao. Ndiyo sababu hasa ya barua hii. Naomba walimu wa sekondari wanaosoma ukurasa huu, akija kwenu mtoto na bahasha yenye nakala ya cheti cha kuzaliwa, karatasi yenye namba ya usajili na daftari la Hisabati lililojaa hatua za sataranji, msimwambie aviweke mpaka amalize mtihani. Muulizeni amebakiza michezo mingapi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kijijini, Mkoa wa Iringa.